Forodhani: Mtaa wa Fedha wa Unguja na Maneno Uliyoyaacha

Miji mikubwa ya biashara duniani ina mitaa yake ya fedha. London ina City, New York ina Wall Street, na wageni hutembezwa humo kwa miguu ili waone nyumba za mabenki na mahali walipokutana madalali wa hisa. Mji wa Unguja haukupata kuwa na mtaa ulioitwa kwa jina hilo. Walakini mtaa wenyewe ulikuwapo. Ni ule ukanda mwembamba wa pwani uanzao Shangani, ukapita Forodhani na Mizingani, ukaishia Malindi. Katika karne ya 19 pembe, karafuu, sandarusi na nguo zilipita hapo, na pamoja nazo zilipita fedha za nchi nyingi na madeni ya watu wengi zaidi.

Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, na matembezi ya kuongozwa yamekuwa kazi ya kila siku humo. Kiongozi huwaonyesha wageni wake Ngome Kongwe, majumba ya masultani na milango ya nakshi, kisha huwapitisha vichochoroni mpaka Mkunazini palipokuwa soko la watumwa. Kwa kawaida habari hizo husimuliwa kama habari mbili: kwanza utukufu wa wafalme, halafu msiba wa watumwa. Kitu kilichoziunganisha ni daftari la hesabu, na daftari halina kuta wala mlango ambao mgeni aweza kuonyeshwa. Hata hivyo halikupotea lote. Sehemu yake kubwa imebaki katika lugha, na mwenye kupita mtaa huo huku akisikiliza maneno yake huona mambo ambayo mawe peke yake hayasemi.

Neno la kwanza ni jina la mahali penyewe. Forodhani ni penye forodha, na forodha ni neno la Kiarabu lenye maana ya bandari, au mahali pa kutozea ushuru wa bidhaa. Leo pana bustani, na jioni watu hukaa humo kula na kupunga upepo. Bustani hiyo ilitengenezwa upya mwaka 2009. Zamani ufuko huo ulikuwa mahali pa kushushia shehena, kupimia frasila na kuandikia mali iliyoingia. Baadaye nyumba ya forodha ilikuwa mbele kidogo, Mizingani, na jengo hilo la zamani ndilo lililokuja kuwa makao ya Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi. Neno ushuru nalo lina historia yake. Asili yake katika Kiarabu ni fungu la kumi. Lakini katika mapatano ambayo Sayyid Said bin Sultan alifanya na Marekani tarehe 21 Septemba 1833, Wamarekani walikubaliwa kulipa 5 tu katika kila 100 kwa mali waliyoishusha. Waingereza walipata mapatano yao mwaka 1839, na Wafaransa mwaka 1844. Basi neno lilibaki la fungu la kumi, na malipo yakawa nusu yake.

Sultani hakukusanya ushuru huo kwa mikono ya watumishi wake. Aliikodisha forodha. Tajiri mmoja aliahidi kumlipa kiasi kilichokatwa kwa kila mwaka, ama mali ziingie nyingi ama chache. Kilichozidi kilikuwa faida yake, na kilichopungua kilikuwa hasara yake. Kwa miaka mingi ya katikati ya karne hiyo mkodi alikuwa nyumba ya Jairam Shivji, Mhindi wa kabila la Bhatia kutoka Kutch. Yafaa ifahamike kwamba kazi hiyo ilizidi kazi ya mtoza ushuru. Mwenye forodha aliyajua mapema majahazi yote na mali yote; alikuwa na fedha taslimu wakati wengine hawana; aliweka amana za watu, aliwakopesha wafanya biashara, na masultani wenyewe walikuwa wadeni wake. Unguja wakati huo haikuwa na benki, na nyumba ya mwenye forodha ndiyo iliyofanya kazi ya benki.

Fedha yenyewe ilikuwa ya namna nyingi. Edward Steere, katika kitabu chake cha lugha kilichochapwa mwaka 1870, aliandika majina yaliyotumika sokoni: reale ya mzinga, yaani ya Kispania, ambayo nguzo zilizochorwa juu yake zilionwa na watu kuwa mizinga, reale ya Shamu, yaani ile ya Maria Theresa wa Austria, na reale ya Kifaransa. Reale ni neno la Wareno na Wahispania. Fedha ni la Waarabu, na maana yake ya kwanza ni madini yale meupe. Pesa, rupia na laki yametoka Bara Hindi. Mwaka 1882 Sultani Barghash alitoa sarafu zake mwenyewe, na juu ya pesa ya shaba ilichorwa mizani. Noti za Serikali ya Unguja zilitolewa mwaka 1908 kwa hesabu ya rupia, nazo zilikuwa na picha ya jahazi na ya wachumaji wa karafuu. Mwaka 1936 rupia iliondolewa, ikaingia shilingi ya Afrika ya Mashariki, kwa kadiri ya shilingi moja na nusu kwa rupia moja. Reale imetoka mikononi mwa watu, lakini pesa imekuwa jina la fedha zote, hata zile zisizokuwa na umbo, zinazotumwa kwa simu.

Kutoka Marekani kulikuja neno jingine. Baada ya mapatano ya 1833 merikebu za Salem, katika Massachusetts, zilileta nguo ngumu ya pamba isiyopaushwa, nazo zilirudi na pembe, ngozi na sandarusi. Balozi wa kwanza wa Marekani, Richard Waters, aliyefika mwaka 1837, alikuwa yeye mwenyewe mfanya biashara wa Salem, akashirikiana sana na Jairam Shivji. Nguo ile iliitwa merikani, na mbali barani ilikuwa kama fedha, kwa kuwa wenyeji wa huko hawakuwa na haja ya reale. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kati ya 1861 na 1865, vilikatiza kuletwa kwake, na nguo za Uingereza na za Bara Hindi zikapata nafasi. Jina halikufuata biashara: merikani iliendelea kuwa merikani hata iliposokotwa kwingine.

Mbele ya forodha ya Mizingani, karibu na bandari ya Malindi, mgeni huonyeshwa jumba lenye roshani za mbao zilizotiwa nakshi. Taria Topan, tajiri wa Kiismaili kutoka Kutch, aliliwekea jiwe la msingi mwaka 1887 liwe hospitali, kwa kuadhimisha miaka 50 ya kutawala kwa Malkia Victoria. Alifariki mwaka 1891 kabla halijakwisha. Lilimalizika mwaka 1894, na baadaye likawa zahanati. Watu husifu roshani zake, nazo zastahili kusifiwa. Lakini katika historia ya fedha jambo kubwa la Taria Topan ni neno moja: kauli. Mali kauli ni mali iliyotolewa kwa ahadi, malipo yake yakingojewa mpaka safari irudi. Tajiri wa pwani alitoa majora ya nguo, shanga na baruti. Mwenye msafara alikwenda bara mwaka mmoja, miwili au zaidi. Akirudi, pembe zilipimwa, deni likakatwa, na kilichobaki kikawa chake. Tippu Tip, katika habari za maisha yake alizozieleza kwa Kiswahili na ambazo Heinrich Brode alizichapisha mwanzoni mwa karne ya 20, amtaja Taria Topan kuwa ndiye aliyempa mali ya safari. Kitabu hicho husomwa zaidi kwa habari za vita na za nchi za Kongo. Chastahili kusomwa pia kama kitabu cha mikopo.

Hapa lugha yatoa ushahidi wenye kufaa. Majina ya vyombo vya fedha karibu yote ni ya kigeni: hundi ni ya Kihindi, hawala, dhamana, rehani, riba, dalali na deni yana asili ya Kiarabu. Lakini vitendo vyenyewe ni vya Kibantu: kukopa, kulipa, kuuza, kununua. Mtu asiyeyajua haya aweza kudhani kwamba fedha ilikuwa mambo ya Waarabu na Wahindi, na kwamba wenyeji waliitazama ikipita. Lugha yakanusha. Kukopa na kulipa vilikuwa vitendo vya watu wa nchi hizi kabla karatasi ya hundi haijafika. Kilichokuja ng'ambo kilikuwa karatasi na desturi yake. Nayo methali isemayo kwamba kukopa ni harusi na kulipa ni matanga yaonyesha kwamba wasemaji wa lugha waliipima biashara hiyo kwa furaha yake na kwa uchungu wake.

Matanga hayo yalifika mashambani pia. Shamba la mikarafuu lilihitaji miaka ya kungojea na watu wengi wa kuchuma, na mwenye shamba alikopa kwa kuweka rehani mavuno au shamba lenyewe. Tufani ya Aprili 1872 iliangusha mikarafuu mingi ya kisiwa cha Unguja na kuvunja vyombo vilivyokuwa bandarini. Deni halikuangushwa na upepo. Mti uliong'oka ulikuwa bado umeandikwa daftarini.

Toka Malindi mpaka Mkunazini ni mwendo mfupi wa miguu, na ndio mwendo ambao maana yake hupotea kwa urahisi kuliko wote. Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, baada ya Barghash kutia sahihi mapatano na Waingereza tarehe 5 Juni. Sikukuu ya Krismasi ya mwaka huo huo jiwe la msingi la kanisa liliwekwa hapo, na msimamizi wa ujenzi alikuwa Steere yule yule aliyeandika majina ya reale. Mgeni akisimama mbele ya sanamu za watu waliofungwa mnyororo shimoni, hudhani ameuacha mtaa wa fedha nyuma yake. Sivyo. Watumwa walioletwa kutoka Kilwa walilipiwa ushuru forodhani, kwa hesabu ya vichwa. Mali kauli ndiyo iliyopeleka misafara, na misafara ilirudi na pembe na watu pia. Mashamba yaliyowekwa rehani yalithaminiwa pamoja na mikono iliyoyalima. Hata utumwa wenyewe ulipoondolewa katika sheria mwaka 1897, amri iliwawekea malipo mabwana kwa hasara yao. Aliyekuwa mtumwa hakuandikiwa kitu. Jambo hilo nalo ni hesabu.

Baadaye mtaa ulibadilika. Mwaka 1886 Barghash aliacha kuikodisha forodha. Miaka michache baadaye hesabu za nchi ziliingia chini ya Waingereza, na mabenki yakafungua milango yao. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ilianzishwa Benki ya Watu wa Zanzibar mwaka 1966, mwaka ule ule ambao shilingi ya Tanzania ilitolewa. Nyumba za matajiri ziligawanyika kuwa ofisi, vyumba vya watu na mahoteli. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib, iliyojengwa mwaka 1883 katika miaka ya neema ya karafuu na pembe, iliporomoka, na watu wawili wakafa.

Msiba huo waonyesha kwamba jiwe halina ahadi ya kudumu. Neno laweza kudumu zaidi, lakini nalo lahitaji kuandikwa kungali na wanaolijua. Maana ya reale ya mzinga yajulikana leo kwa sababu mtu mmoja aliiandika ilipokuwa ikisemwa. Maneno ya makarani wa forodha, ya wapimaji wa karafuu, ya madalali wa mnada na ya wenye maduka waliouza kwa daftari hayakukusanywa yote, na wazee waliobaki nayo ni wachache. Kazi hiyo ni ya wataalamu wa lugha kabla ya kuwa ya mafundi waashi. Nayo matembezi ya mji hayahitaji njia mpya: njia ni ile ile, kutoka Forodhani mpaka Mkunazini. Yahitaji kiongozi aanze penye ushuru, aieleze kauli, na asiwaache wageni wake wafike sokoni wakidhani wamefika katika habari nyingine.