Neno "baba" lina asili gani?

Katika mijadala ya wapenzi wa lugha kuna hoja inayorudi mara kwa mara: kwamba neno letu "baba" lilitoka Uajemi, kwa kuwa Waajemi nao humwita mzazi wa kiume "baba". Hoja hiyo inalivutia sikio, lakini haisimami inapopimwa.

Tuanze nyumbani. Mkikuyu husema "baba", Mshona "baba", Mzulu "ubaba". Hizi ni lugha ndugu za Kiswahili katika ukoo wa Kibantu, na Wazulu waliishi mbali na bandari zilizofikiwa na majahazi ya Waajemi.

Sasa tuvuke mipaka. Kwa Waturuki, "baba" ni mzazi wa kiume. Kwa Warusi, "baba" ni mwanamke wa kijijini au ajuza, na humo ndimo lilimozaliwa neno "babushka", yaani bibi. Kwa Wajapani pia "baba" ni ajuza. Wageorgia wamepindua mambo kabisa: kwao "mama" ndiye baba, na mama huitwa "deda".

Ikiwa kufanana kwa sauti kunatosha kuthibitisha undugu, Mrusi na Mjapani nao wangestahili kudai neno letu.

Mwaka 1959 George Peter Murdock alichapisha ulinganisho wa maneno 1,072 ya kuwataja baba na mama. Mwaka uliofuata, Roman Jakobson alieleza sababu ya kufanana kwake: mtoto mchanga huanza na sauti za midomo, m, b na p, pamoja na irabu a. Mtoto hutoa sauti. Wazazi ndio huipa maana, kila jamii kwa namna yake.

Hatusemi kwamba Kiswahili hakikukopa. Neno "ami" limetoka katika Kiarabu "ammi", yaani ndugu wa kiume wa baba yangu. Hapo sauti zinalingana, maana zinalingana, na historia ya pwani inaonyesha njia lililopitia. Pembeni yake tunalo bado jina letu la kale, "baba mdogo".

Basi, ndugu mshairi, ukitaka kujua asili ya neno, usiliulize sikio peke yake. Uliza maana, uliza lugha jirani, uliza njia. Tukipuuza hayo, tutawagawia wageni hata neno tulilofundishwa mapajani mwa mama zetu.