Neno 'mama': Kwa wengine ni mjomba, kwa wengine baba

MSEMAJI wa Kiswahili akitaja neno 'mama', hakuna anayemwomba ufafanuzi. Hata hivyo, mtu akivuka mpaka wa Kaunti ya Machakos na kuingia Kiambu, maana hiyo hubadilika.

Katika Kikuyu, 'mama' ni ndugu wa kiume wa mama mzazi, yaani mjomba. Mama mzazi huitwa 'maitũ'. Neno hilo linakaribiana na 'mwaitu' la Wakamba wa Machakos, lenye maana ya mama.

La kustaajabisha ni kwamba Kihindi na Kigujarati pia humwita mjomba 'mama', ilhali lugha hizo ni za jamii ya Kihindi-Kizungu wala hazina nasaba na Kibantu. Katika Kijojia, lugha ya nchi ya Georgia, 'mama' ni baba, na mama mzazi ni 'deda'. Wachina, kwa upande wao, wanakubaliana na Waswahili, sawa na wasemaji wa Kikechua kule Peru.

Je, lugha hizi zimekopeshana? La. Mwanaisimu Roman Jakobson (1896-1982) alieleza kuwa sauti /m/ ni miongoni mwa zile anazozitoa mtoto mchanga mapema, hata anaponyonya midomo ikiwa imefumbwa. Mtoto hutoa sauti tu. Wakubwa ndio huipa maana, na kila jamii huchagua jamaa wake. Kwa hivyo, kufanana kwa neno moja si ushahidi wa undugu wa lugha. Undugu huthibitishwa na mfumo wa sauti na sarufi unaojirudia katika maneno mengi, jinsi 'mvua' ya Kiswahili inavyolingana na 'mbua' ya Kikamba.

Suala hili si mchezo wa wasomi pekee. Kifungu cha 50 cha Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010 kinampa mshtakiwa asiyeelewa lugha ya mahakama haki ya kupata mkalimani bila malipo. Shahidi akisema kwa Kikuyu kwamba shamba alipewa na 'mama', naye mkalimani akaliacha neno lilivyo, hakimu ataandika jina la mtu mwingine kabisa.

Mkalimani hodari, basi, hutafsiri maana, si sauti. Neno analolijua mno ndilo linalofaa kutiliwa shaka kwanza.