Mapatano ya Nchi Kavu

Ukiutafuta mji mdogo wa Hadado katika ramani ya Kenya, utauona magharibi ya Wajir, katika nchi tambarare isiyo na mto wa kudumu. Mvua ikimkosa mfugaji wa huko na kumnyeshea jirani, hana budi kuhama na ngamia wake. Kwa hiyo, msomaji, majani na maji ya nchi hiyo hayalindwi kwa ua, bali kwa ahadi za watu.

Ahadi hizo ziliwahi kuvunjika. Ukame wa 1991 na 1992 uliangamiza mifugo mingi, na koo za Wadegodia, Waajuran na Waogaden zikapigania malisho na visima. Mamia ya watu walikufa. Usidhani kwamba amri zilipungua. Nchi hiyo ilikuwa imetawaliwa kwa sheria za hali ya hatari tangu 1963 hadi 1991. Lakini amri hazikumfundisha mtu kugawana kisima.

Walioanza kutengeneza hawakuwa wakubwa. Mwaka 1992 wanawake wachache, akiwemo Dekha Ibrahim Abdi, walizungumza jambo hilo harusini, kisha wakashika kazi katika soko la Wajir, ambako mwanamke wa ukoo mmoja aliweza kuzuiwa kuuza mbele ya ukoo mwingine. Wakapatana kwamba kila mmoja awe huru kununua na kuuza, na wakaweka wenzao wa kutazama na kupeleka habari za ugomvi kwa kamati. Hawakuwa na askari. Lakini maziwa hayangoji vita viishe. Yasipouzwa leo, huharibika, na kila muuzaji alilijua hilo.

Wazee wakafuata kwa Azimio la Al Fatah la 1993. Mwaka 2001, huko Modogashe, kusini ya Wajir, ilikubaliwa kwamba mwenye kuhamisha mifugo aombe kwanza idhini kwa wazee na machifu wa aendako, wala asichukue bunduki malishoni. Fidia ya mwanamume aliyeuawa ikawa ngamia au ng'ombe 100, na ya mwanamke 50: hesabu ya ajabu, nakiri, kwa amani iliyoanzishwa na wanawake.

Tangu mwishoni mwa 2020 hadi mwishoni mwa 2022 mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo. Mwaka 2023 wataalamu walieleza kwamba joto la dunia, litokanalo na moshi wa viwanda na magari, liliuzidisha sana ukame huo. Wenye viwanda hivyo hawakuketi Modogashe. Na mahali pengi hapakubaki majani ya kuombea idhini.