Vifaa vya gari na vya jeshi vinapimwaje visiingiliane?

Wadau, ukipanda gari njia ya Lusahunga–Rusumo, mara redio inaanza "titi-tiriti-titi", halafu simu ya mtu inaita. Sio uchawi. Simu ya GSM inarusha mawimbi vipande vipande, kama mara 217 kwa sekunde, na nyaya za redio zinayanasa.

Kwenye redio ni kero tu. Ila magari ya siku hizi yana kompyuta zinazosimamia injini, breki za ABS na mifuko ya hewa. Zikichanganywa na mawimbi, hapo ni roho za watu.

Ndio maana kifaa kinapimwa kwanza ndani ya chumba cha chuma, kuta zake zimejaa sponji zenye ncha za kumeza mawimbi. Vipimo ni viwili:

1. Kelele: chenyewe kinatoa mawimbi kiasi gani? Kwa magari kuna kiwango cha CISPR 25.
2. Uvumilivu: kinapigwa mawimbi makali, je kitaendelea na kazi? Hapa kuna ISO 11452.

Jeshini masharti ni makali zaidi, maana vifaa vinakaa jirani na rada. Marekani wana MIL-STD-461, ilianza 1967.

Je, sisi wa Ngara na Biharamulo? Ukinunua chaja ya gari, tafuta E na namba ndani ya duara (E1 ni Ujerumani), pembeni 10R, yaani Kanuni ya 10 ya Umoja wa Mataifa. Alama nazo zinaghushiwa, kwa hiyo ukichomeka redio ikaanza kukoroma, chomoa. Hiyo ina kelele.