Slaidi za Babu na Soko la Kariakoo la Zamani

Shangazi hakutaka slaidi zitoke Dar es Salaam. Ziko 212, kwenye visanduku vya manjano na bati moja la biskuti, na zimekaa juu ya kabati lake Magomeni tangu babu afariki. Ana sababu. Miaka ya tisini kuna mtu aliazima albamu ya harusi ya babu na bibi, akasema anaandika kitabu. Kitabu hatukukiona, na albamu ndiyo ikaenda moja kwa moja. Sasa nami naja na habari ya studio ya Nairobi yenye skana nzuri, namwambia, "Shangazi, wiki tatu tu zitarudi." Akaniangalia kama vile nimekuja kukopa.

Kwa msiowahi kushika slaidi: ni kipande cha filamu chenye picha ya rangi halisi, milimita 24 kwa 36, kimebanwa kwenye fremu ya karatasi ngumu au plastiki. Unaitia kwenye projekta, unatundika shuka ukutani, mtaa mzima unakuja kutazama. Babu alikuwa mwalimu. Kamera aliinunua Uingereza alikokwenda kusoma mwaka 1964, na aliporudi akaendelea kupiga kila alipopata filamu, ambayo haikuwa mara nyingi.

Nyingi ni Kodachrome, na hapo ndipo historia inapoanza kunoga. Filamu hiyo, iliyotolewa na Kodak mwaka 1935, haikubeba rangi ndani yake. Rangi ziliongezwa wakati wa kuisafisha, kwa kemikali na mashine ambazo studio ya mtaani isingeweza kuwa nazo. Kwa hiyo babu alipomaliza filamu aliitia kwenye bahasha na kuituma kwa posta. Visanduku vyake vina jina la Hemel Hempstead, mji wa Uingereza uliokuwa na maabara ya Kodak. Kodak iliacha kutengeneza filamu hiyo mwaka 2009, na maabara ya mwisho duniani, iliyokuwa Parsons, Kansas, ikafunga kazi hiyo mwishoni mwa 2010. Filamu ya Kodachrome utakayoikuta leo kwenye droo bila kusafishwa, rangi zake hutazipata tena.

Nikadhani nimepata hoja. Nikamwambia shangazi kwamba picha hizi zilishasafiri baharini na angani kabla hata hazijawa picha, na zikarudi salama. Akajibu, "Zilizorudi ndizo unazoziona. Zisizorudi utazijuaje?"

Nimesoma historia chuo kikuu na sijawahi kusikia tatizo la ushahidi likielezwa vizuri namna ile.

Tukakubaliana: nizitayarishe kwanza, hapohapo sebuleni kwake, yeye akiwepo. Jumamosi tatu. Nilivaa glavu za pamba, nikashika kila slaidi kwenye fremu, nikapuliza vumbi kwa kipulizio cha mpira cha kusafishia lenzi. Kwa mdomo usipulize, mate yanaruka. Meza ya mwanga sina, nikafungua ukurasa mweupe kwenye kompyuta na kuweka slaidi juu ya kioo chake. Nambari niliziandika kwa penseli laini kwenye fremu za karatasi, maelezo kwenye daftari.

Adui mkubwa ni kuvu. Joto na unyevu wa pwani vinamfaa sana, na chakula chake ni jelatini iliyobeba picha. Anaonekana kama nyuzi za buibui zilizotawanyika kwenye anga. Ukikimbilia kitambaa chenye maji unaweza kuipoteza picha yenyewe, maana jelatini iliyoliwa na kuvu huyeyuka kirahisi. Slaidi 31 nilizitenga zikiwa hivyohivyo, kwenye boksi lao na pakiti za kunyonya unyevu. Kodachrome nazo nikazitenga na nyingine, kwa kuwa ile mbinu ya skana ya kuondoa vumbi kwa miale isiyoonekana huwa inachanganywa na filamu hiyo na inaweza kufuta hata sehemu za picha.

Nambari 87 ilitugombanisha. Ni ndani ya soko la Kariakoo, mwaka 1968, lile jengo la zamani lililojengwa na Wajerumani. Waingereza walipouteka mji kwenye Vita ya Kwanza ya Dunia waliwaweka hapo wapagazi wa jeshi, "Carrier Corps", na jina likabaki midomoni mwetu hadi leo. Soko lililofuata, lile la Beda Amuli lenye paa la miavuli, lilifunguliwa 1975, na Julai 2021 tukaliona likiungua. Lile la kwanza sisi wa rika langu hatukulikuta.

Bibi aliuza nazi pale. Shangazi anasema meza yake ilikuwa mkono wa kushoto ukiingia mlango mkubwa. Kwenye picha iko kulia. Nikasema, kwa upole wa mtu mwenye ushahidi, kwamba pengine amesahau. Alikuwa na miaka tisa.

"Nimebeba nazi mlango ule kila siku ya Mungu," akasema. "Wewe ulikuwa wapi?"

Slaidi ile haikuwa kwenye fremu ya kiwandani. Babu aliifunga mwenyewe kwenye plastiki na kuandika "Soko" upande wa mbele. Nikaiinamisha kwenye mwanga wa dirisha. Slaidi ina upande unaong'aa na upande uliofifia, wenye jelatini, na ukiitazama picha sawasawa uliofifia unakuwa nyuma. Huu ulikuwa mbele. Nikaikuza kwa lenzi, nikatafuta maandishi, nikayapata kwenye kanga ya mama mmoja aliyeinama: herufi zote zilitazama kinyume. Babu aliigeuza picha wakati wa kuifunga, na kwa zaidi ya miaka hamsini bibi amekuwa upande usio wake.

Nikaigeuza mbele ya shangazi. Hakusema kitu, alikwenda jikoni akarudi na chai.

Jumatatu nilipeleka mzigo, nusu ya kwanza tu. Nusu ya pili itaondoka hii ikirudi. Nilipohesabu mara ya mwisho zilipungua moja. Kwenye daftari, mbele ya 87, kuna mwandiko wa shangazi: hii haiendi.