Kutoka Kasongo hadi Berlin: Lugha ya Mashahidi wa Jeuri

Utangulizi

Filamu yenye jina la Kijerumani Das Kongo Tribunal, yaani Mahakama ya Kongo, ilioneshwa kwa mara ya kwanza mjini Locarno, Uswisi, mwaka 2017. Mwongozaji wake ni Milo Rau, Mswisi aliyezaliwa Bern mwaka 1977 na anayejulikana zaidi kwa kazi zake za tamthilia. Makala haya hayakusudii kuihakiki filamu hiyo kwa upande wa sanaa. Yanakusudia kuitazama kutoka Maniema ya kusini, yaani Kasongo na Kabambare, na kuuliza swali moja: katika masimulizi ya jeuri iliyotendeka nchi hiyo, ni nani aliyepewa nafasi ya kusema, na alisema kwa lugha gani?

Vita vya Kasongo na wasimulizi wake

Katika nusu ya pili ya karne ya 19, Kasongo ilikuwa makao makuu ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip. Misafara ya pembe na watumwa ilipitia huko ikielekea Ujiji, Tabora na pwani. Mwaka 1892 vita vilizuka baina ya Waarabu na Waswahili hao na Dola Huru ya Kongo, iliyokuwa mali ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji. Kasongo ilitekwa na jeshi la Francis Dhanis mwezi Aprili 1893. Sefu, mwana wa Tippu Tip, aliuawa mwaka huohuo, na Kabambare ikaanguka mwezi Januari 1894.

Habari za vita hivyo ziliandikwa kwanza na washindi. Sidney Langford Hinde, daktari Mwingereza aliyefuatana na jeshi la Dhanis, alitoa kitabu chake mwaka 1897. Kwa upande mwingine, Tippu Tip mwenyewe aliandika maisha yake kwa Kiswahili, kwa hati za Kiarabu, baada ya kuombwa na Mjerumani Heinrich Brode. Matini hayo, pamoja na tafsiri ya Kijerumani, yalichapwa Berlin mnamo mwaka 1902 na 1903 katika jarida la Chuo cha Lugha za Mashariki.

Kwa wanafunzi wa Kiswahili, matini hayo ni hazina. Hata hivyo, msimulizi wake ni mwenye nguvu. Watumwa na wapagazi wanatajwa, ila hawasemi. Kiswahili hapo ni lugha ya mwenye bunduki na mwenye mali.

Lugha hiyo haikubaki mikononi mwa wenye misafara. Waliotekwa, waliohamishwa na waliotumikishwa waliishika, wakaigeuza kwa matamshi na sarufi ya lugha zao, wakawafundisha watoto wao. Ndiyo asili ya Kingwana, yaani lugha ya waungwana, inayosemwa hadi leo Kasongo na Kabambare. Lugha iliyoletwa kwa biashara na kwa mabavu ikawa lugha ya mama ya wajukuu wa walioonewa.

Mahakama isiyo na askari

Mwezi Mei 2015 Rau alikusanya Bukavu watu wa namna mbalimbali: wachimbaji, wakulima, wanasiasa, wanasheria. Mwezi Juni kikao cha pili kilifanyika Berlin. Mwenyekiti alikuwa Jean-Louis Gilissen, wakili Mbelgiji, na kazi ya upelelezi ilishikwa na Sylvestre Bisimwa, wakili wa Bukavu. Jukwaa lilikuwa la tamthilia, lakini walioketi juu yake hawakuwa waigizaji. Kila mmoja alisema yaliyompata kwa jina lake.

Kesi zilikuwa tatu: mgodi wa Bisie huko Walikale, mgodi wa dhahabu wa Twangiza, Kivu ya Kusini, wa kampuni ya Banro ya Kanada, na mauaji ya Mutarule ya mwezi Juni 2014. Mahakama hiyo haikuwa na askari wala gereza, na hukumu yake haikumfunga mtu. Nguvu yake ilikuwa kwamba Kiswahili kilisikika humo kama lugha ya mshtaki. Jambo hilo halimo katika matini yaliyochapwa Berlin zaidi ya miaka mia moja kabla yake.

Salamabila

Banro haikuwa na Twangiza peke yake. Katika maeneo iliyorithi kutoka SOMINKI lilikuwamo pia Namoya, huko Salamabila, wilaya ya Kabambare. Mgodi huo ulitangazwa kuanza uzalishaji wa kibiashara mwezi Januari 2016, yaani baada ya vikao vya Bukavu na Berlin. Kwa hiyo filamu haiwezi kulaumiwa kwa kutoizungumzia Salamabila. Lakini yaliyofuata yanafanana na yaliyosemwa mbele ya Gilissen: wachimbaji wa mikono kuondolewa katika vilima walivyovitegemea, na kundi la Mai-Mai Malaika kujitokeza likidai kuwatetea wenyeji. Mwezi Machi 2017 wafanyakazi wa mgodi walitekwa, wakaachiwa mwezi Mei. Baada ya utekaji mwingine mwezi Julai 2019, Banro ilisimamisha kazi Namoya mwezi Septemba.

Waliolipa gharama kubwa ni wasio na bunduki. Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka limewatibu huko wanawake wengi waliobakwa. Kwao, jukwaa la hadhara kama lile la Bukavu si jibu rahisi, kwa kuwa kusema mbele ya jirani na mbele ya kamera kunaweza kuleta aibu na kisasi.

Hitimisho

Katika Kiswahili, shahidi ni mtu aliyeona jambo. Shahidi pia ni mtu aliyekufa kwa ajili ya imani yake. Kazi ya mahakama, ya kweli au ya jukwaani, ni kumsikiliza wa kwanza kabla hajawa wa pili. Filamu ya Rau imethibitisha kwamba lugha haikuwa kizuizi: wanakijiji wana maneno ya kutosha kuyaeleza yaliyowapata. Kinachokosekana Salamabila ni mahakama yenye uwezo wa kumlinda anayesema. Kwa upande wa vyuo vikuu, ushahidi wa Kingwana unaweza kuhifadhiwa kama ulivyosemwa, kwa idhini ya wenyewe na kwa kuficha majina yao, bila kusahihishwa uwe Kiswahili sanifu. Kasongo ilikwisha kusimuliwa na aliyeitawala na aliyeiteka. Salamabila haistahili kungoja msimulizi wa namna hiyo.