Fuvu la Zinj na Mabega ya Wapagazi

Fuvu la Zinjanthropus boisei lililomo katika Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, Dar es Salaam, limebeba historia mbili. Ya kwanza ni ya kiumbe aliyeishi takriban miaka milioni 1.75 iliyopita. Ya pili ni ya majina. Zinj ni jina ambalo Waarabu wa kale waliiita pwani yetu. Boisei linamuenzi Charles Boise, mfadhili wa utafiti wa akina Leakey. Mary Leakey aliliona fuvu hilo Olduvai tarehe 17 Julai 1959, siku ambayo mumewe, Louis, alikuwa kambini akiumwa. Hata korongo lilimopatikana lilikuwa limekwisha kuitwa kwa jina la Frida, mke wa kwanza wa Louis. Heslon Mukiri na Waafrika wenzake, waliochimba na kuchekecha udongo pamoja na akina Leakey kwa miaka mingi, hawamo katika orodha hiyo ya majina.

Simpunguzii Mary Leakey sifa yake. Jicho lililoona meno yale ardhini lilikuwa lake. Ninachouliza ni nani hupewa nafasi katika jina la kitu, na nani huachwa nje. Jengo la makumbusho lenyewe lilifunguliwa mwaka 1940 likiwa kumbukumbu ya Mfalme George wa Tano wa Uingereza. Fuvu lilirejeshwa nchini mwaka 1965, likakabidhiwa kwa Mwalimu Nyerere. Nawasihi wanafunzi wangu waukariri mwaka huo, maana wapo wanaodhani kwamba kudai mali zetu za kale ni mtindo ulioanza juzi.

Mifupa mikubwa kuliko yote iliyochimbwa katika ardhi yetu iko Berlin. Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mabaki ya dinosaria katika kilima cha Tendaguru, mkoani Lindi. Vita vya Majimaji vilikuwa vimekwisha miaka michache tu kabla, na Kusini ilikuwa bado haijapona njaa iliyoletwa na ukatili wa jeshi la mkoloni. Zaidi ya tani 200 za mifupa zilipelekwa Ujerumani. Kutoka Tendaguru hadi bandari ya Lindi hapakuwa na reli wala gari. Mifupa ilifungwa vipande vipande, ikabebwa vichwani na mabegani, safari ya siku kadhaa kwa miguu. Mwaka 1937 mmoja wa wanyama hao alisimamishwa katika makumbusho ya Berlin, urefu wake ukipita mita 13, na jina lake la kisayansi, brancai, likamuenzi Branca, mkurugenzi wa makumbusho hayo hayo.

Msimamizi wa wachimbaji aliitwa Boheti bin Amrani. Wanasayansi walimtegemea, nao walilijua jina lake vizuri. Ilipofika mwaka 2007 ndipo dinosaria mmoja wa Tendaguru alipoitwa Australodocus bohetii kwa heshima yake. Karibu karne nzima! Na huyo alikuwa msimamizi. Wapagazi waliokuwa chini yake hatuna hata wa kumwita.

Suala la kurejesha mifupa hiyo limewahi kuulizwa Bungeni, na kwa kawaida mjadala huishia kwenye gharama na utaalamu wa kuihifadhi. Ni hoja halali, lakini haimzuii mtu kuirudisha hapa historia ya waliobeba. Hiyo haihitaji meli.

Ukitoka makumbusho ukaifuata Barabara ya Samora, utafika kwenye Sanamu ya Askari, iliyozinduliwa mwaka 1927. Maandishi yake yanawakumbuka askari Waafrika wa Vita Kuu ya 1914 hadi 1918 pamoja na wapagazi, na yanaahidi kwamba watoto wao watayakumbuka majina yao. Jina hakuna hata moja. Sanamu ya Nairobi iliyojengwa wakati huo ina mpagazi aliyesimama pamoja na wapiganaji. Yetu ina askari peke yake na bunduki yake. Mpagazi yumo katika maneno tu.

Vuka Mnazi Mmoja uingie Kariakoo. Waingereza walipouteka mji Septemba 1916, waliweka hapo kambi ya kikosi cha wapagazi, Carrier Corps, na wenyeji wakalitamka jina hilo kwa ulimi wao. Nairobi nako ikapatikana Kariokor. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa katika vita hivyo, wengi zaidi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Mishahara ya wengi wao haikuwafikia jamaa zao, kwa kuwa serikali ilidai haiwezi kuwatambua wenye haki. Kutoandikwa jina kulikuwa pia njia ya kutolipa.

Kando ya soko hilo, katika mtaa ambao leo ni Lumumba, TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954. Beda Amuli akalichora soko jipya, likafunguliwa mwaka 1975, na moto wa Julai 2021 ukaliunguza. Mizigo ya Kariakoo bado inabebwa kwa bega, kichwa na mkokoteni.

Makumbusho yanahifadhi pia magari ya Mwalimu, na wageni huyapenda. Ombi langu kwa wahusika, baadhi yao wasomaji wa safu hii, ni dogo kuliko kurejesha dinosaria. Wekeni katika ukumbi huo furushi la kilo 25 hivi, uzito wa mzigo wa mpagazi, lisifungiwe katika kioo. Mwanafunzi alitwike, aende nalo kutoka mlangoni hadi kwa Zinj, na hapo akute limeandikwa jina la Boheti bin Amrani.